Damu ya Shemeji

Jumanne, 28 Machi

Mkuu Ko amebandika tangazo kwenye nguzo ya hekalu. Nimelisoma nikiwa na mwiko mkononi, chaza wangu wakiungua kibandani. Kila mbebaji wa machela ya Bibi Matsu, mungu wetu wa bahari, aliyetimiza miaka hamsini apimwe damu kabla ya ziara yake ya mwaka. Asiyepita, habebi. Hakuna kujuana.

Mimi nina hamsini na minne.

Nimembeba Bibi tangu mwanangu Hui alipozaliwa kabla ya wakati, mdogo wa kutosha kulala kwenye kofia yangu. Madaktari waliniambia nisizoee sura yake. Siku ile nilipiga magoti nikamwahidi Bibi kwamba mtoto akiishi, bega langu ni lake mpaka lioze. Mtoto ameishi. Yuko jijini Taichung, anauza miwani, hapigi simu. Bega halijaoza. Sasa Ko anataka karatasi!

Sababu naijua. Mwaka jana mwenzetu Peng alianguka darajani mpiko, ule mti wa kubebea machela, ukiwa begani, na hakuamka tena. Peng, mwembamba kama mwanzi. Kila mwaka alipima kolesteroli na kila mwaka akasifiwa. Nililia siku ya mazishi mpaka mke wangu akanivuta shati. Lakini Peng alikuwa Peng. Mimi ni mimi.

Jioni Daktari Yeh wa zahanati alikuja uani kutufafanulia. Mwanamke mfupi, sauti ya chini, viatu vya raba. Alisema kolesteroli haielei ovyo kwenye damu. Husafiri ndani ya vichembe vidogo mno. Siku zote walikuwa wanapima wingi wake tu. Kumbe vichembe vingine hubadilika njiani. Vinaharibika, vinakuwa na chaji ya umeme isiyo ya kawaida, na hivyo ndivyo vinavyonasa kwenye kuta za mishipa na kuziumiza. Mtu anaweza kuwa na mafuta kidogo kwenye damu, lakini katika hicho kidogo, kingi kikawa kibovu. Kipimo kipya kinatafuta vile vibovu. Akatuonya kwamba hiyo si hukumu. Ni ishara tu kwamba moyo uko hatarini, na mwenye ishara hiyo achunguzwe zaidi.

Ko akauliza kama vinaonekana kwa macho. Daktari akasema havionekani. Watu wakaguna. Nadhani ni mimi peke yangu niliyeelewa. Nakaanga chaza miaka yote hii. Najua kwamba si wingi wa mafuta unaoharibu chakula, ni mafuta yaliyochoka. Nilirudi kibandani nikanusa karai langu. Nikalifunika.

Jumatano, 29 Machi

Asubuhi nimepanda ghorofani kuwawashia wazee wetu waliokufa ubani. Nimelazimika kukaa kwenye ngazi kidogo. Gesi. Ni yale maharage ya jana.

Sitapimwa. Si kwamba naogopa. Nikipimwa nikaanguka, nitakuwa nimevunja ahadi, na ahadi ikivunjika ni nani anayejua Bibi atakuja kudai nini. Basi kukwepa sindano ni kumlinda mtoto. Nimelifikiria hili kwa utulivu kabisa, nikiwa bado kwenye ngazi.

Mpango nimeupata hapo hapo. A-Shui! Mdogo wake mke wangu. Anatengeneza pampu za mabwawa ya chaza, hana mke, hana tumbo. Kila alfajiri anatembea juu ya ukuta wa bahari kwenda na kurudi. Anakula kama kuku anayedonoa. Sigara anavuta, ndiyo, lakini nje kwenye upepo. Na ana miaka arobaini na tisa, kwa hiyo tangazo la Ko halimhusu. Damu imekaa bure tu mwilini mwake.

Nilimkuta amelala chini ya pampu. Nikamweleza. Alicheka mpaka spana ikamdondokea kifuani. Akaniuliza kwani mbu wa mwaka huu hawakuniachia hata tone la kupimwa. Nikamkumbusha usiku alioniazima pikipiki yake tukamkimbiza dada yake hospitali, Hui akiwa njiani. Hapo aliacha kucheka. Akajifuta mikono, akasema sawa, ila dada asijue, kwa sababu dada akijua tutakula uji mtupu sisi wote wawili mpaka mwaka mpya.

Nikapita hekaluni kuomba ruhusa. Nikarusha vile vibao viwili vya umbo la mwezi mchanga, ambavyo Bibi hutujibu kwavyo. Nikauliza kama inafaa A-Shui atolewe damu kwa jina langu. Vyote viwili vikalala chali: Bibi anacheka. Nikauliza tena. Vyote kifudifudi: hapana. Nikatafakari nikaona swali langu lilikuwa na utovu wa adabu. Nikauliza, je, Bibi anataka nimbebe mwaka huu? Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Ndiyo! Na tena ndiyo, na tena. Kumbe shida ilikuwa namna ya kuuliza.

Jumapili, 2 Aprili

Imekwisha. Nimechoka kuliko aliyetolewa damu.

Upimaji ulifanyika chini ya turubai uani kwa hekalu, foleni mpaka barabarani. Wote tulivaa barakoa, sheria ya manesi. A-Shui alivaa yake mpaka chini ya macho, na kofia yangu ya ziara mpaka juu ya macho. Mkononi alishika kadi yangu ya bima. Picha ile ni ya zamani, wakati bado nilikuwa na kidevu kimoja. Mimi nilijibanza nyuma ya tanuri la kuchomea karatasi za sadaka.

Nesi akamwuliza alizaliwa mwaka wa mnyama gani, maana kwetu kila mwaka una mnyama wake. Tulifanya mazoezi ya hili! Mimi ni Jogoo. Nikamsikia A-Shui akijibu kwa sauti ya kiume kabisa kwamba ni Ng'ombe. Nesi akainua macho. A-Shui akasema samahani, Ng'ombe ni mke wake, yeye ni Jogoo, lakini nyumbani mwenye sauti ni Ng'ombe. Foleni nzima ikacheka. Nikakohoa moshi wote wa tanuri.

Kisha nani akatokea kama si Ko mwenyewe, anakagua. Akampiga A-Shui begani, akasema, "Tien-fu, umepungua ndugu yangu. Hongera. Ulikuwa umeanza kufanana na karai lako."

Kwa hiyo hivyo ndivyo anavyonisema nikiwa sipo.

Nesi aliusifu mshipa wa A-Shui. Alisema angependa watu wote wawe na mkono wa kushoto kama ule. Baadaye nilimpa A-Shui andazi la chaza, la moto, lenye chaza wengi. Alikula nusu, nyingine akampa paka.

Jumatano, 5 Aprili

Siku ya makaburi. Tulikwenda sote kufyeka majani kwenye kaburi la wakwe zangu, kule kilimani. Jua kali. Mke wangu alipanga matunda, mimi nikachoma karatasi. A-Shui alifyeka upande wa juu, kisha nikamwona amekaa kwenye jiwe ameshika taya. Akasema jino. Dada yake akamwambia aende kwa daktari wa meno, asisubiri liote mizizi mpaka shingoni. Akajibu likitulia hana kazi nalo. Likatulia alipokaa. Tulipoanza kupanda kwenda kaburi la babu, likarudi.

Nilikuwa na furaha sana. Nimenunua kitambaa kipya cha bega, chekundu, kwa ajili ya ziara.

Jumanne, 11 Aprili

Siku mbaya kuliko zote.

Daktari Yeh alinipigia simu mwenyewe. Nikaenda nimevaa shati safi, tayari kupongezwa. Akafunga mlango. Akasema kolesteroli yangu ya kawaida ni nzuri, haina neno. Nikainama kwa unyenyekevu. Kisha akasema vile vichembe vilivyoharibika ni vingi mno, na tangu aanze kutumia kipimo hiki hajaona wengi wenye kiwango cha namna hiyo. Akaniuliza kama nabanwa kifua nikipanda ngazi. Kama mkono unakufa ganzi. Kama taya linaniuma nikitembea mlimani.

Nikasema taya langu haliumi. Nilisema kweli tupu.

Alisema hata hivyo niende hospitali kubwa ya mjini wiki hii hii, moyo upigwe picha, na kwamba Mkuu Ko lazima aambiwe sifai kubeba.

Nilitoka nje nikakaa kwenye pikipiki bila kuiwasha. Nimeanguka mtihani ambao sikuufanya! A-Shui! Anatembea ukutani kila siku kama askari, anatunyanyasa sote na kiuno chake, kumbe ndani ameoza. Nilimwazima jina zuri, akanirudishia likiwa hivi. Nilimkasirikia njia nzima. Nilipofika kibandani nikakaanga kwa hasira, mwiko ukavunjika.

Jioni Ko akaja. Alikuwa mpole, jambo linalotisha. Akasema ameumia moyo kwa ajili yangu, ila asiwe na wasiwasi mtu yeyote, mpiko wangu hautatoka katika familia. Amempa A-Shui. Kijana mkavu, mwenye pumzi, hajafika hamsini, hahitaji kupimwa. A-Shui amekubali. Ko akasema alitokwa na machozi alipoambiwa.

Nilianza kuona wivu. Nilikuwa nimefika mbali sana katika wivu ule, nikiona begani kwake kitambaa changu chekundu, nikiliona daraja, nikiuona ule mteremko baada ya daraja. Ndipo nikamwona Peng.

Nikazima moto. Chaza wakabaki wabichi kwenye mafuta.

Jumatano, 12 Aprili

Hebu nilipange vizuri. Nikimwambia A-Shui, ataenda hospitali, lakini atawaambia kwa nini ameenda. Daktari atajua. Ko atajua. Hekalu zima litajua kwamba Tien-fu alimdanganya Bibi uani kwake, mbele ya uso wake. Hawatanirudisha kamwe. Na mke wangu. Yeye ndiye aliyemlea A-Shui, mama yao alipofariki. Alimbeba mgongoni akiwa mwenyewe bado mtoto.

Nisipomwambia, atabeba. Barabara yote, jua lote.

Nimekwenda kwa Bibi. Nimeuliza, je, nimwambie? Ndiyo. Nikasema labda vibao viliteleza, sakafu ina nta. Nikauliza tena. Ndiyo. Mikono ilikuwa inatoka jasho, si jambo la kutegemea. Nikauliza kwa adabu zaidi: je, Bibi mwenyewe atamlinda A-Shui? Vikalala chali vyote viwili. Anacheka. Nikauliza kama Bibi anawapenda wanawe wote. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nikasema basi, huo ni ulinzi. Nikainama nikaondoka haraka kabla hajaongeza neno.

Usingizi haukuja.

Alhamisi, 13 Aprili

Nimepata njia isiyomwumiza mtu!

A-Shui ni Ng'ombe. Kizahanati ana arobaini na tisa. Lakini sisi hekaluni hatuhesabu hivyo. Hekaluni mtoto akizaliwa ana mwaka mmoja tayari, na kila mwaka mpya unamwongezea. Kihekalu A-Shui ana hamsini na moja! Tangazo limebandikwa kwenye nguzo ya nani? Ya hekalu. Basi A-Shui lazima apimwe, kwa jina lake, kwa damu yake, na daktari atamkamata mwenyewe, na mimi sitakuwa nimesema kitu.

Nilimfuata Ko nikamweleza kwa heshima zote. Alinisikiliza huku anachokonoa meno. Kisha akasema, "Tien-fu, umenyang'anywa mpiko, sasa unataka na shemeji yako anyang'anywe. Huoni haya?"

Nikasema najali sheria tu. Akasema sheria ya hamsini ilitoka kwa daktari, kwa hiyo ni hamsini ya daktari. Akaniambia nikapumzishe moyo wangu mgonjwa.

Nikamfuata Katibu wa hekalu. Akasema kwa hesabu ya hekalu hata wabebaji wengine watatu wamefika hamsini, je, niko tayari kwenda kuwaambia mmoja mmoja? Nikasema nitafikiria.

Nikamfuata A-Shui mwenyewe. Nikamwambia nimeota ndoto, Bibi amesimama mlangoni kwangu anasema A-Shui aende akapigwe picha ya moyo. A-Shui akaniangalia kwa upendo. Akasema anajua nimeumia, na kwamba kila hatua atakayopiga atakuwa ananibebea mimi. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi.

Ijumaa, 14 Aprili

Sijafanya kitu. Imenyesha. Wateja wachache. Mke wangu ameniuliza mbona siendi hospitali mjini, maana Ko amemwambia kila kitu. Amenifungia uji kwenye chupa, amenipangia nguo. Ananitazama nikilala. Analia bafuni akidhani sisikii.

Analia kwa ajili yangu. Wa kuliliwa ni mdogo wake, na mimi ndiye ninayejua.

Jumamosi, 15 Aprili

Mazoezi ya machela leo mchana. Ile machela tupu, wamejaza magunia ya mchele mahali pa kiti cha Bibi. Nilisema sitakwenda. Nikaenda.

A-Shui alikuwa mbele kushoto, mahali pangu. Alibeba vizuri. Nasema ukweli, alibeba kwa mwendo mzuri kuliko wangu, machela haikuyumba. Walizunguka uwanja. Walipopanda ngazi za lango kuu nikamwona anafungua mdomo. Mkono wake uliokuwa huru ukapanda kwenye taya. Hakuacha mpiko. Akafika juu, wakaweka chini, akageuka akanipungia, anatabasamu, na uso wake ulikuwa rangi ya majivu ya ubani.

Nilizipanda zile ngazi bila kujua nimezipandaje. Nikamvuta nyuma ya ngoma kubwa.

Nikamwambia, "A-Shui, ile damu."

"Kwani si ilikataliwa? Pole, shemeji. Nilidhani nimekupa iliyo safi."

"Ilikataliwa. Ni yako."

Alitaka kucheka. Nikasema tena kwamba ni yako, moyo ni wako, jino siyo jino. Maneno yalinitoka vibaya, yakiparamiana. Nikamwambia alichosema daktari, vichembe, hospitali, picha, yote.

Aliniacha nimalize. Akauliza, "Umejua tangu lini?"

"Jumanne."

Akafungua kitambaa cha bega, chekundu, changu, nilimpa mwenyewe. Akakikunja taratibu mara mbili.

"Leo Jumamosi," akasema.

Afadhali angenipiga. Nikampakia kwenye pikipiki, akakaa nyuma bila kunishika kiuno, tukaenda kwa Daktari Yeh.

Daktari alielewa kabla sijafika nusu ya maneno. Alimlaza A-Shui, akamwekea nyaya, akapiga simu mjini waandae gari. Kisha akanigeukia. Hakupandisha sauti. "Bwana Tien-fu, nilikuuliza kama taya linakuuma. Ukasema hapana."

Nikasema nilisema kweli.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nashindwa hata kukugombeza."

Jumatatu, 17 Aprili

Mishipa miwili ya moyo. Mmoja umeziba karibu wote. Daktari wa hospitali alituonyesha picha: mto mkubwa, halafu panakuwa uzi, halafu mto tena. Wamepitisha waya kwenye kifundo cha mkono wakaweka vijibomba vya wavu kupanua njia. A-Shui alikuwa macho muda wote. Anasema aliona moyo wake kwenye skrini ukidunda, na aliuonea huruma. Daktari yule akasema kwamba kama angebeba mzigo juani siku zote zile, yeye asingeweka dhamana. Na kwamba sigara ndiyo basi.

Mke wangu alisikiliza yote amesimama. Kisha akaniuliza nje, penye mashine ya vinywaji, kama ni kweli nilikaa nayo tangu Jumanne mpaka Jumamosi. Nikasema ni kweli. Akasema, "Nilikupikia uji, Baba Hui. Kila siku nilikupikia uji wa mgonjwa, na ulikuwa unakunywa."

Ulikuwa na tangawizi. Nilikuwa naumaliza.

Amerudi ndani kwa mdogo wake. Nimelala kwenye kiti cha korido. Ni haki yangu.

Jumanne, 18 Aprili

Ko alikuja hospitali na mfuko wa mapera. Anajua yote. Kikao kimeamua sibebi mwaka huu, na mwakani nipimwe upya kama mtu mwingine yeyote. Nilitegemea wanifukuze kabisa. Ko akasema yeye alitaka hivyo, lakini walirusha vibao na Bibi akakataa, mara tatu. Alionekana kuudhika nayo.

Daktari Yeh naye amenipigia. Anasema damu ya Tien-fu halisi bado haijaonekana na mtu. Nije Alhamisi asubuhi, bila kula. Nikaahidi.

A-Shui alikuwa ameanza kuniongelesha, kidogo kidogo. Aliomba nimmenyee pera. Nikawa namenya. Akasema, "Tulikuwa tunaogopa ya kwako, shemeji. Tukatazama ya kwangu. Ya kwako nani ameiona?"

Nikamwambia ale pera.

Akasema ngazi za hospitali nimezipanda jana kwa kupumzika mara mbili, alinihesabia dirishani. Nikasema nilikuwa nasoma matangazo ukutani. Alinitazama tu, kama dada yake anavyotazama mtu anayelala.

Alhamisi, 20 Aprili

Sikuenda kwa daktari. Wageni wa ziara wameanza kuingia mjini, kibanda kimejaa, haingewezekana. Isitoshe nilikunywa maziwa ya soya kwa kusahau, na alisema bila kula. Nimebadilisha mafuta yote ya karai, mapya kabisa, ya dhahabu. Nanusa tofauti mpaka kifuani.

A-Shui ametolewa. Analala kwetu, kwenye chumba cha Hui. Mke wangu ameanza kunijibu, ila kwa neno moja moja. Hui naye amepiga simu, bila sababu, alisema.

Jumapili, 23 Aprili

Bibi ameondoka leo. Fataki tangu alfajiri, mji mzima uko nje.

Nilifunga kibanda. Mke wangu alimshika A-Shui mkono, wakatembea polepole hadi barabarani, nami nyuma na kigoda. Mahali pangu kwenye mpiko yuko kijana mmoja wa duka la matairi. Anayumba.

Watu walipojipanga kulala barabarani ili machela ipite juu yao na kuwabariki, A-Shui akasema na yeye analala. Dada yake alitaka kukataa, kisha akalala mbele yake. Nikalala nyuma. Paji la uso kwenye lami ya moto. Nilisikia viatu vya wabebaji, njuga, kisha kivuli kikanifunika. Miaka yote nimekuwa juu, begani. Sijawahi kujua kwamba chini yake kuna baridi namna ile. Nilisali. Nilimshukuru kwa A-Shui, kwa jina, mara nyingi kadiri kivuli kilivyoruhusu. Tulipoinuka mke wangu alinifuta vumbi usoni kwa mkono wake, na akaniita Baba Hui, na akasema twende tukale.

Kurudi nyumbani nilisimama kwenye kidaraja cha mfereji, nikashika chuma. Bega la kushoto. Halijazoea kukaa bila mzigo, ndiyo tatizo.

Pale darajani nimeyaelewa yote. Kama nisingedanganya, nani angeipima damu ya A-Shui? Hakuwa na hamsini. Hakuna ambaye angemgusa. Angebeba, au angepanda ukuta wake wa bahari siku moja asirudi. Bibi alihitaji mtu wa kumpeleka A-Shui kwenye sindano, akanitafuta mimi. Ndiyo maana alicheka mwanzoni. Sasa naona lilikuwa cheko la kuridhia. Na ndiyo maana amewakatalia kunifukuza.

A-Shui anameza vidonge vyake kila siku, dada yake amesimama juu yake mpaka ameze. Sigara ameacha. Daktari Yeh anasema akiendelea hivi, vile vichembe vibovu huenda vikapungua sana, na mwakani ampime tena aone.

Mwakani. Damu safi, yenye dawa, iliyochungwa na daktari mwaka mzima! Hakutakuwa na nyingine kama hiyo mji huu.

Baada ya chakula, dada yake alipokwenda kuosha vyombo, nilimsogezea A-Shui chai, nikamwuliza, kwa upole kabisa, kama ule mkono wa kushoto bado una mshipa mzuri.